Filme ya Poirot ku Tenke: hukumu inatupendeza, lakini anketi?

Ku Tenke filme haina umri. Inaweza kutoka Ulaya, miaka ipite, kisha siku moja ifike kwetu mu flash ya mutoto wa jirani. Siku ile njo inakuwa mupya. Ni vile "Le Crime de l'Orient-Express" ilitufikia, filme yenye Mwingereza Kenneth Branagh alitoa mwaka 2017. Branagh aliiongoza, na tena yeye mwenyewe anacheza Hercule Poirot, mupelelezi mwenye mustashi mukubwa kuliko sura. Tangu tuliiangalia, masolo yake hayaishe: ku soko, fasi wafanyakazi wanangojea basi, pembeni ya bukari ya mangaribi. Wengine wanacheka, wengine wanakasirika kabisa. Na sababu iko: ile filme inatuuliza jambo lenye kwetu huku si muchezo. Kama sheria imeshindwa, je, watu wanaweza kuhukumu na kuua wao wenyewe?

Tunawajulisha mbele: tutasema mwisho wa filme. Kitabu cha Agatha Christie chenye kilizaa ile hadisi kilitoka mwaka 1934, na sinema iliicheza tayari mwaka 1974. Siri yake imezeeka. Lakini ule mwenye hajaangalia bado aweke gazeti pembeni, aangalie kwanza, kisha arudie.

Mbeleji ndani ya treni

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wazee. Poirot si Mfaransa, ni Mbeleji, na mutu akimwita Mfaransa anamukosoa mara moja. Wazee wenye walitumika ku Union Minière ao ku BCK walijua Mbeleji wa namna ingine: mwenye kuamuru, mwenye kitabu cha majina mukononi. Huyu Christie alimuzaa mukimbizi. Alimuingiza mu kitabu chake cha kwanza, mwaka 1920, sawa polisi wa zamani mwenye vita ya 1914 ilimufukuza kwao. Wakati ile Wabeleji mingi walikimbilia Uingereza, na wengine walifika mpaka Torquay, muji wa Christie mwenyewe. Mbeleji mwenye kuomba fasi ya kulala: ile wazee wetu hawakuizoea.

Kisha, treni. Sisi watu wa Tenke tuko watoto wa reli. Hapa njia zinaachana: moja inaenda Kolwezi na Dilolo mpaka Lobito, ku bahari, ingine inaenda Bukama na Kamina mpaka Ilebo, ya tatu inarudia Likasi na Lubumbashi. Mu filme, theluji inaporomoka ku mulima na kufunga treni mu Yugoslavia. Theluji hatuijue. Lakini kukaa mu treni yenye haitembee, mutoto analia, chakula inaisha, hakuna mwenye kusema tutaondoka saa ngapi, ile haina haja ya mutu wa kututafsiria.

Asubuhi, tajiri moja mwenye jina Ratchett anakutwa amekufa ndani ya chumba chake, amechomwa kisu mara 12. Mwuaji iko angali ndani ya treni. Poirot anaanza kuuliza, mutu kwa mutu.

Mayai na mukubwa wa polisi

Lakini filme haianzie ndani ya treni. Inaanzia Yerusalema. Kitu cha bei kali kimeibiwa ku kanisa, na watu watatu wanashukiwa: padri, rabi na imamu. Inje, kundi la watu linangojea na hasira. Na Poirot anafanya nini? Anakataa mayai yake ya asubuhi juu hayalingane. Anakanyaga mavi ya nyama na muguu moja, kisha anatia na muguu wa pili, juu yote ilingane. Watoto walicheka mpaka machozi. Sasa anasimama mbele ya watu na kuonyesha mwizi: si padri, si rabi, si imamu. Ni mukubwa wa polisi.

Pale nyumba ililipuka. Polisi njo mwizi! Watu walisimama, walipiga mikono, wengine waliomba turudishe nyuma tuangalie tena. Tunaelewa ile furaha. Lakini tuangalie vizuri kitu chenye kilitufurahisha. Kama lile kundi lingepewa mutu moja kati ya wale watatu mbele anketi iishe, nani angemuokoa? Na mwizi wa kweli angekuwa angali pale pale, na kofia yake ya polisi, anatuliza watu.

Mwisho wenye unatugawanya

Siri ya treni ni hii: karibu wote njo waliua. Jina la kweli la Ratchett ni Cassetti. Miaka ya nyuma, kule Marekani, aliiba mutoto mudogo wa familia Armstrong, akakamata makuta, na mutoto akamuua. Mama ya mutoto akakufa, baba akajiua, na sheria haikumupata Cassetti. Mu treni muko nkambo ya ule mutoto, mama yake mudogo, mulezi wake, mupishi wa nyumba, rafiki ya baba yake wa ku vita. Majeraha 12, mikono 12. Poirot anajua yote, lakini anaambia polisi kama mwuaji aliingia kutoka inje na alikimbia. Anawaacha waende.

Hapo kelele ilianza, na haijaisha mpaka leo. Wamama mingi wako upande wa wale kumi na mbili: mutu mwenye kuua mutoto, juu ya nini akae anakula bukari ya boloko? Vijana wanasema Poirot alifanya vizuri kufunga macho. Wazee wamoja wanatikisa kichwa: leo ni Cassetti, kesho ni jirani mwenye ulikuwa na deni yake. Na kuko wenye walimukasirikia Poirot mwenyewe: filme yote anatafuta kweli, kisha ku mwisho anasema uongo.

Sisi tunasema: mbele ya kuchagua upande, tuhesabie maiti yote ya ile hadisi. Iko moja yenye hakuna mutu aliililia ku ma benchi yetu. Ni Susanne, mutumishi wa nyumba ya Armstrong. Kisha mutoto kuibiwa, yeye njo alishitakiwa. Alikuwa karibu, alikuwa mutu mudogo, hakukuwa mwenye kumusemea. Alijiua. Nyuma ilionekana kama hakuwa na kosa. Na mutu wa jamaa yake ni moja wa wale wenye walishika kisu.

Christie hakutoa ile ku kichwa yake tu. Mwezi wa 3 mwaka 1932, Marekani, mutoto wa rubani mwenye sifa Charles Lindbergh aliibiwa. Mwezi wa 5 alipatikana amekufa. Polisi waliuliza na kuuliza tena Violet Sharpe, mutumishi wa nyumba ya wakwe wa Lindbergh. Mwezi wa 6 alikunywa sumu. Kisha walihakikisha kama hakuwa na kosa. Siku kitabu cha Christie kilitoka, mwuaji alikuwa hajakamatwa bado. Ile hasira tunaona mu filme ilikuwa hasira ya watu wa kweli. Na mutumishi mwenye alikufa bure alikuwa mutu wa kweli.

Leso yenye herufi H

Kwetu ile jambo iko na jina, na kila mutu analijua: justice populaire. Sauti ya "Mwizi!" usiku, mawe, tairi, esanse. Watu wako na sababu zao, na si za uongo: mwizi anakamatwa siku ya kwanza, siku ya tatu amerudia ku avenue, na ule mwenye aliibiwa njo anaanza kuogopa. Katiba yetu ya 2006, artikle ya 17, inasema kama mutu mwenye kushitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Kwa mutu mwenye aliibiwa mara tatu, ile artikle ni karatasi tu. Lakini wale kumi na mbili wa treni walijua mutu wao, jina, sura na kosa. Kundi la usiku halijue kitu. Limetoka mu usingizi, limesikia neno moja.

Tena, ndani ya treni muko alama zenye ziliwekwa makusudi juu ya kupoteza mupelelezi. Leso yenye herufi H. Kimono nyekundu. Saa yenye ilisimama. Kundi lingeokota leso na kutafuta mwanamuke wa kwanza mwenye jina la H. Mbele jua litoke, kazi ingekuwa imeisha. Poirot anaokota leso na kuuliza: nani aliiacha hapa, na juu ya nini?

Wachimbaji wanajua hii kuliko watu wengine. Shimo likianguka usiku, asubuhi kila mutu iko na jibu: ni marehemu alikosea, ni uchawi, ni mwenye shimo aliuza damu ya watu. Hakuna mwenye anauliza mbao ziliwekwa lini, mvua ilinyesha siku ngapi, nani aliona ufa na akasema, nani alisikia na akanyamaza. Kumupata wa kulaumu ni kazi ya saa moja. Lakini mujane hawezi kudai haki ya watoto wake na masolo ya barabara. Anahitaji anketi yenye kuandikwa na yenye majina ya wenye waliona. Na shimo la pembeni, lenye mbao za namna ile ile, linangojea timu ya kesho.

Kuko wenye watasema: anketi ni maneno ya wakubwa, mutu mudogo haimusaidie. Tuwakumbushe hadisi ya inchi yetu wenyewe. Wakati wa Leopold II, karani moja wa kampuni ya mashua ya Liverpool, E. D. Morel, alichunguza mizigo ku bandari ya Antwerp. Mashua zilitoka Kongo zimejaa kauchu na pembe, zikarudia na bunduki na risasi. Akajiuliza: kama ni biashara, malipo ya watu iko wapi? Akaelewa kama watu wanatumikishwa kwa nguvu. Alianza na mahesabu ya mizigo tu. Wengine walimufuata, na mwaka 1908 Leopold alinyanganywa Kongo. Mwaka 1909 Arthur Conan Doyle, ule mwenye alizaa Sherlock Holmes, aliandika kitabu kizima juu ya yale mabaya.

Branagh alirudia kucheza Poirot mara mbili: "Mort sur le Nil" mwaka 2022 na "Mystère à Venise" mwaka 2023. Mukizipata mu flash, na kurani ikikatika mbele ya mwisho sawa vile tunazoea, musilalamike. Kila mutu mu nyumba aseme mwuaji ni nani, na alama gani inamuonyesha. Muandike majina ku karatasi. Kurani ikirudia, muangalie mwisho, kisha muhesabie ni watu ngapi wenye hawana kosa mungeua mu ile giza.