Memori na Kasi ya Kompyuta za Nyumbani za Miaka ya 1980

Kasi ya kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 haikutegemea prosesa peke yake. Prosesa haiwezi kutekeleza amri kabla ya kuisoma kwenye memori, na katika mashine nyingi za wakati huo memori hiyohiyo ilihifadhi pia picha ya skrini. Televisheni nayo haisubiri. Nchini Uingereza ilichora picha mara 50 kwa sekunde, na saketi ya picha ilipaswa kupata kila baiti kwa wakati wake. Memori iliposhindwa kuvihudumia vyote viwili, aghalabu kilichosimamishwa ni prosesa.

Kampuni ya Acorn ililitatua tatizo hilo kwa fedha. BBC Micro ya 1981 ilikuwa na prosesa ya 6502A ya megahezi 2, pamoja na chipu za memori zilizoweza kusomwa mara milioni 4 kwa sekunde. Prosesa na picha zilipokezana zamu, na skrini haikumchelewesha mtumiaji hata kidogo. Huo ulikuwa usanifu bora kuliko wa washindani wake wengi, lakini toleo lake la Model B, lenye kilobaiti 32 za memori, liliuzwa pauni 399.

Mwaka 1983 Acorn ilitoa Electron kwa pauni 199, yenye prosesa ileile na kilobaiti 32 zilezile. Tofauti ilikuwa kwenye chipu za memori. Zilikuwa nne tu, kila moja ikitoa biti moja kwa wakati, hivyo baiti ya biti 8 ilihitaji kusomwa mara mbili. Kila ilipogusa RAM, prosesa ilishuka hadi megahezi 1. Kwenye skrini zenye michoro ya kina au rangi nyingi hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani katika mikrosekunde 64 za kila mstari wa picha, prosesa ilizuiwa kuifikia RAM kwa mikrosekunde 40. Amri zilizokuwa ndani ya ROM, zikiwemo za BASIC, ziliendelea kusomwa kwa megahezi 2. Walioumia hasa ni waandishi wa michezo, ambao programu zao zilikaa kwenye RAM.

ZX Spectrum ya 1982 iligawa memori mafungu mawili. Kilobaiti 16 za chini zilitumiwa kwa pamoja na chipu ya picha, iliyokuwa na uwezo wa kusimamisha saa ya prosesa. Kilobaiti 32 za juu zilikuwa za prosesa peke yake. Kwa hiyo programu ileile ilikwenda kasi zaidi ikipakiwa kuanzia anwani ya 32768. Aliyenunua toleo la kilobaiti 16 alikosa nafasi, na kasi pia.

Kwenye Commodore 64, picha na prosesa zilipokezana memori vizuri, isipokuwa kwenye mistari 25 ya kila picha, ambapo chipu ya picha ilichukua zaidi ya mizunguko 40 ya prosesa ili kusoma herufi. Waandishi wa programu nzito walizima skrini ili kuirejesha kasi hiyo.

Kwa Electron, dawa ilikuja baadaye kupitia bodi za nyongeza. Kilobaiti 8 tu za memori tuli, zikiwekwa mahali pa sehemu ya chini kabisa ya RAM, zilitosha kuongeza kasi ya programu nyingi bila kubadilisha prosesa.