Mbwa Ana Mwenyewe

Kisiwani Pemba, mwezi wa Mei 2014, kichaa cha mbwa kilizimika. Watafiti walikuwa wamefuatilia habari za watu na wanyama walioumwa tangu 2010, wakasoma na vinasaba vya virusi vilivyopatikana kwa mbwa wagonjwa. Waligundua kwamba kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Yote mitano ilikatwa kwa kazi moja isiyo na siri yoyote ndani yake: kuchanja mbwa kila mwaka, kisiwa kizima, na kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi kila mwaka uliofuata. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingia tena mara mbili kutoka nje ya kisiwa, ukakuta mbwa wasio na kinga, na familia zikaanza upya kukimbiza watoto hospitali. Kampeni ikarudishwa, na mlipuko ukamalizika Oktoba 2018.

Pemba ina jambo la kutufundisha kuhusu ufugaji wa mbwa, na jambo lenyewe halihusu mapenzi. Wakazi wengi wa kisiwa hicho ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa kisiwani si wengi. Lakini dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba, na watoto wa chuoni husimuliwa habari ya mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mtu anaweza asimguse mbwa maisha yake yote na bado akakubali kwamba mbwa wa jirani achanjwe, alishwe, asipigwe mawe. Wajibu huo haumngoji mtu kwanza apende mbwa. Unamhusu kila anayemfuga, na kila anayekaa karibu na anayemfuga.

Nalisema hili kwa sababu mjadala wetu kuhusu mbwa huanza vibaya. Huanza na mbwa koko. Mtoto ameumwa, mtaa umechemka, na mwenyekiti anaandika barua kuomba mbwa koko wauawe. Ukifuatilia mbwa hao, mara nyingi unafika kwenye mlango wa mtu. Utafiti uliofanywa Tanzania na Kenya umeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wengi tunaowaona barabarani wana wenyewe. Wamefunguliwa usiku ili walinde, na alfajiri hakuna aliyewarudisha. Hawalishwi vya kutosha, kwa hiyo wanakwenda kujitafutia jalalani na nyuma ya machinjio. Mbwa huyo akifukuza mwizi ni wetu. Akimng'ata mtoto wa jirani, hakuna anayemjua. Hapo ndipo penye kasoro, na ni kasoro ya binadamu.

Gharama yake inajulikana. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba katika kila vifo 100 vya binadamu, 99 vimetokana na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio ambayo yametajwa kwa miaka mingi ni vifo kama 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, hospitali haina cha kufanya isipokuwa kumpunguzia mgonjwa mateso. Lakini kabla ya dalili, kifo hiki kinazuilika karibu kabisa. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchoma sindano mvulana wa miaka tisa aliyekuwa ameumwa vibaya, tumejua kwamba aliyeng'atwa anaweza kuokolewa. Miaka zaidi ya 100 imepita, na mtu wa kijijini bado anaambiwa zahanati haina chanjo, aende mjini, na mjini anaambiwa bei. Anauza mbuzi, anakopa nauli, siku zinapita. Wanaokufa kwa kichaa cha mbwa wengi wao wamekufa kwa umaskini na umbali.

Mamlaka zinapokabiliwa na vifo hivyo hukimbilia risasi au nyama yenye sumu. Naelewa hasira inayoleta uamuzi huo. Mzazi aliyezika mtoto hana wa kumlaumu isipokuwa mnyama. Lakini njia hiyo imejaribiwa na imeshindwa. Kisiwani Bali, Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia 2008. Mbwa wengi mno waliuawa, na ugonjwa ukaendelea kusambaa wilaya hadi wilaya. Ulianza kushuka pale chanjo ya kisiwa kizima ilipofanywa kwa uzito. Sababu za mauaji kushindwa zinaeleweka. Mbwa mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja mwingine au zaidi kidogo tu kabla hajafa. Utafiti wa Serengeti na Ngorongoro ulikuta hesabu isiyofika hata wawili, na haipungui sana kwa sababu mbwa wamepunguzwa, kwani mbwa mgonjwa hutembea mbali kumtafuta wa kumuuma. Wanaopigwa risasi ni wale wanaoonekana na kusogelea watu, na miongoni mwao wamo waliochanjwa. Mwenye mbwa naye akisikia gari la wauaji linakuja, humficha wake au humpeleka kwa ndugu kijiji cha pili, na kama ana virusi, vinakwenda naye. Baada ya mwezi, kila nyumba iliyopoteza mbwa imeleta kitoto kipya ambacho hakina kinga.

Kuna hasara nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Mbwa aliyeuma mtu akikamatwa akiwa hai, akafungwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku kumi, na siku hizo zikiisha akiwa mzima, basi siku alipouma hakuwa na virusi kwenye mate. Aliyeumwa huanza matibabu mara moja bila kungoja majibu hayo, lakini majibu yenyewe yanaweza kumwondolea sindano zilizobaki na hofu ya miezi. Umati ukishamponda mbwa kwa mawe, ushahidi umekufa naye. Ikiwa alikuwa mgonjwa kweli, hakuna anayejua ametoka wapi na amewauma nani wengine njiani.

Sheria tunazo. Tanzania Bara ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na halmashauri nazo zinaweza kutunga sheria ndogo zao. Kenya ina sheria mahsusi ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, inayotoa mamlaka juu ya mbwa katika eneo lililotangazwa kuwa na ugonjwa. Kanuni za Adhabu za nchi zote mbili zinamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama wake. Na Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imetaja leseni za mbwa kwa jina kabisa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Nchi iliyoweka mbwa ndani ya katiba haiwezi kusema haikuliona jambo hili.

Tatizo ni wakati ambapo sheria hizi hukutana na mbwa. Hukutana naye ameshauma. Askari anakuja, faini inatajwa, mbwa anakanwa au anauawa, na faili linafungwa. Siku ambayo sheria ilipaswa kufika nyumbani ni ile ambayo kitoto cha mbwa kililetwa ndani ya kikapu: nani anakimiliki, atakichanja lini, kitalala wapi, kitakula nini. Maswali hayo manne, yakiulizwa na afisa mifugo na kuandikwa kwenye daftari la mtaa, yana manufaa kuliko vifungu vingi vya adhabu.

Katika hayo manne, la chanjo ndilo zito. Wataalamu wanalenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo kila mwaka. Lengo ni kubwa hivyo kwa sababu mbwa wa vijijini mwetu hawaishi muda mrefu. Wanazaliwa wengi na kufa wengi, kwa hiyo kinga ya Januari imeshapungua sana ifikapo Desemba, hata kama hakuna sindano iliyoharibika. Kwa sababu hiyohiyo si sahihi kuwaacha watoto wa mbwa nyumbani siku ya kampeni kwa imani kwamba ni wadogo mno. Shirika la Afya Duniani linataka mbwa wote wachanjwe, wadogo wakiwemo, na wadogo ndio wengi wa wasio na kinga.

Swali la ada halina utata kwangu: chanjo ya kampeni iwe bure. Mjini N'Djamena, Chad, wenye mbwa walipotakiwa kulipia, waliochanjwa walifika kama robo tu ya mbwa wote. Chanjo ilipotolewa bure katika kampeni za 2012 na 2013, kiwango kilifika karibu asilimia 70, na maambukizi mjini yakakatika kwa miezi kadhaa. Kumtoza mama shilingi elfu chache kwa mbwa wa kulinda banda la kuku ni kumwambia asije. Halmashauri itakuja kuzilipa fedha hizo mara nyingi zaidi katika chanjo za watu walioumwa. Hata kisingizio cha jokofu kimepungua nguvu. Uchunguzi uliofanywa kwa chanjo mojawapo inayotumika Tanzania ulionyesha kwamba inaweza kukaa nyuzi 25 kwa miezi sita, au nyuzi 30 kwa miezi mitatu, na bado ikamkinga mbwa. Mkoani Mara yamejaribiwa matumizi ya vyombo vya udongo vilivyotengenezwa nchini, vinavyopoozwa kwa maji, ili chanjo ikae kijijini mwaka mzima badala ya kusubiri gari la wilaya mara moja kwa mwaka.

Lakini kuna kikwazo ambacho serikali haiwezi kukiondoa. Nenda uwanja wa shule siku ya chanjo uone. Wanaoleta mbwa mara nyingi ni watoto, na kamba yenyewe imepatikana asubuhi hiyo. Watu wazima wengi wamebaki nyumbani kwa sababu hawawezi kumshika mbwa wao. Hajawahi kufungwa kamba, hajawahi kuguswa masikio wala miguu, na mkono wa binadamu anaujua kwa fimbo tu. Mbwa wa namna hiyo hachanjiki, hatibiki akiumia, na hatolewi kupe. Kumzoesha kitoto cha mbwa mkono na kamba ni kazi ya dakika chache kila siku kwa wiki kadhaa, na haigharimu chochote. Ningependa mabwana mifugo waifundishe kwa bidii ileile wanayofundisha kuogesha ng'ombe.

Ukali nao hauletwi na mnyororo. Wapo wanaoamini kwamba mbwa akifungwa mchana kutwa kwenye kibanda chenye giza, usiku atakuwa mlinzi bora. Wanachopata ni mnyama mwenye hofu asiyetofautisha mwizi na mtoto aliyetumwa chumvi. Mlinzi mzuri anajua watu wa nyumbani, ana kivuli na maji, amekula jioni, na usiku anazunguka ndani ya ua uliofungwa. Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimzuii kutoka kama geti liko wazi. Na pale ambapo nyumba haina ua, mwenye nyumba ajiulize kwa dhati kama anamhitaji mbwa. Kutofuga ni uamuzi wa heshima. Kuhasi nako kuenee, kwa sababu vitoto vinavyotupwa jalalani ndani ya mfuko ndivyo mbwa koko wa mwaka unaofuata, wale wachache ambao kweli hawana mwenyewe.

Wajibu huu haukomi kwenye mpaka wa kijiji. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kiasi cha simba 1,000, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Tangu hapo kuchanja mbwa wa wafugaji wa eneo hilo kumekuwa sehemu ya kulinda wanyamapori, jambo ambalo mwenye mbwa watatu wa kuchungia hakuliwaza alipowaleta nyumbani.

Nchi zetu zimeungana na lengo la dunia la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Muda uliobaki ni mfupi, na kazi iliyobaki ni ya ngazi ya mtaa. Mambo machache yangeweza kuanza mara moja bila sheria mpya. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Watoto waambiwe wazi kwamba hawatapigwa kwa kusema wameumwa, hata kama walikuwa wakimchokoza mbwa, kwa sababu wapo wanaoficha jeraha kwa kuogopa fimbo. Na muuguzi akishampa mgonjwa sindano ya kwanza, ampigie simu afisa mifugo wa kata, ili mbwa huyo atafutwe akiwa hai, mwenyewe apatikane, na wengine walioumwa wafuatwe nyumbani kwao. Namba hiyo ya simu ibandikwe ukutani katika kila chumba cha sindano.