JE, "BOI" WA PANGABOI NI NANI?

Leo nimeshika kalamu nikueleze habari za chombo tunachokiona kila siku juu ya vichwa vyetu wala hatuulizi kilikotoka. Chombo chenyewe ni feni, au kwa jina utakalolikuta kwenye kamusi, pangaboi.

Katika mkutano mmoja wa chama chetu, swali lilizuka: kwa nini feni ikaitwa pangaboi? Wengi walijibu mbio mbio kwamba mabawa yake yanafanana na panga. Jibu hilo linapendeza, lakini halituambii huyo "boi" ametoka wapi. Tangu lini panga likawa na boi? Hapo ndipo nikaanza kuchunguza.

Tuanzie Bara Hindi. Kwa Kihindi, pankha ni kitu cha kupepea, nasi Waswahili tulilichukua neno hilo likawa panka. Waingereza walipoitawala India, walitundika darini fremu ndefu ya mbao yenye kitambaa kizito. Walifanya hivyo majumbani, afisini, mahakamani na hata makanisani. Fremu ilifungwa kamba, na kamba ikapitishwa kwenye tundu la ukuta hadi nje barazani. Huko nje aliketi mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, mchana kutwa na pengine usiku kucha. Mikono ilipochoka, wengine walifunga kamba mguuni wakaendelea kuvuta hali wamelala chali. Bwana alilala ndani kwa raha, naye wa nje hakuruhusiwa hata kusinzia.

Mtumishi wa namna hiyo aliitwa "boi" hata kama alikuwa na mvi, vile vile watumishi wa kiume walivyoitwa huku kwetu wakati wa ukoloni. Sasa chukua panka, uongeze boi, kisha utamke haraka haraka. Umesikia? Ndiyo pangaboi hiyo! Jina la mvuta kamba lilihamia kwenye mashine iliyomwondolea kazi.

Je, mashine yenyewe ilianzaje? Huko Marekani, katika karne ya 19, palikuwa na feni za darini zilizozungushwa kwa nguvu za maji. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likavuta mikanda mirefu, na mikanda ikazungusha feni kadhaa katika ukumbi mmoja. Kisha stima ikaingia. Mnamo Septemba 1882, Thomas Edison alifungua kituo cha kuzalisha umeme katika mtaa wa Pearl, jijini New York. Mwaka huo huo, mhandisi Schuyler Skaats Wheeler, kijana wa miaka 22 hivi, alitengeneza feni ya mezani ya umeme. Ilikuwa na mabawa mawili tu na haikuwa na kizuizi chochote mbele, kwa hivyo ole wake aliyesogeza kidole!

Feni ya darini ya umeme ina uhusiano na cherehani. Philip Diehl, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa akifanya kazi na kampuni ya Singer, ile ile ya cherehani tunazozijua. Alikuwa ameunda mota ndogo ya kuendesha cherehani. Katika miaka ya 1880 aliichukua mota hiyo, akaifunga mabawa na kuitundika darini. Baadaye aliiongezea taa, basi feni ikawa pia pambo la nyumba. Feni zenye taa za vioo na mabawa ya mbao zinazouzwa madukani leo zinafuata njia ile ile.

Hata hivyo, feni nayo ilipata mpinzani. Mwaka wa 1902 Willis Carrier alibuni kiyoyozi kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viyoyozi vilienea katika nyumba za Wamarekani, na feni za darini zikaonekana za kishamba. Lakini mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani na gharama ya umeme ikapanda pia. Watu wakaikumbuka feni, tena safari hii wakaitaka iwe ya kupendeza. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa nije kwenye jambo linalozua ubishi nyumbani kwetu na huenda kwenu pia. Feni haipoozi hewa ya chumba. Inachofanya ni kuisukuma hewa ipite juu ya ngozi. Jasho linapogeuka mvuke huchukua joto kutoka mwilini, nasi tukahisi baridi. Kwa hivyo kuiacha feni ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni hasara tupu, kwani viti na meza havitoi jasho. Isitoshe, mota yenyewe huongeza joto kidogo.

Tupige hesabu. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 hutumia wati-saa 600, yaani uniti 0.6 ya stima. Kiyoyozi cha wati 1,000 kikifanya kazi mfululizo kwa saa hizo hizo hutumia uniti 10. Ukitaka kumshawishi mzazi anayelalamikia bili, mwoneshe hesabu hii, halafu umwahidi kwamba utaizima feni ukitoka chumbani. Usipotimiza ahadi, mimi simo!

Mwanafunzi mwenzangu, upepo wa kutengenezwa haukosi mwenye kuulipia. Siku hizi tunalipa kwa pesa. Zamani mtu alilipa kwa mkono wake na usingizi wake. Tena mambo hayo hayajakwisha. Stima ikipotea usiku, mama hukaa macho akimpepea mtoto kwa kipepeo cha ukili hadi alale, ilhali yeye mwenyewe anatiririkwa na jasho. Wakati mwingine mpokee kile kipepeo, naye apate lepe la usingizi.

Kalamu yangu imefika ukingoni. Mtu akikuambia kuwa pangaboi ni panga, msahihishe kwa adabu, kisha umsimulie habari za yule mtu wa barazani. Wasalaamu.