Fahamu: Kwa nini malkia wa chungu huhitaji kibali nchini Kenya

Mnamo Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwahukumu vijana wawili raia wa Ubelgiji kulipa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kufungwa miezi 12, baada ya kukutwa Naivasha na malkia wa chungu wapatao 5,000, waliotiwa katika vijichupa vyenye pamba ili wahimili safari ndefu. Malkia hao hununuliwa na wafugaji wa Ulaya na Asia, ambao huwaweka katika vyombo vya kioo ili kutazama kundi likijengeka.

Chungu hao hawamo katika orodha za CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Ila Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 huhesabu kuwa wanyamapori viumbe wote wa asili wa porini, wadudu wakiwemo, na hivyo hakuna anayeruhusiwa kuwafanyia biashara bila kibali. Msimamo huo ni wa haki, kwa kuwa malkia mmoja aliyekwisha kupandwa ndiye mzazi wa koloni zima, nao chungu hao, waitwao wavunaji, husambaza mbegu za nyasi ambazo mifugo na swala huzitegemea. Anayetaka kufuga au kusafirisha kiumbe yeyote wa porini, hata awe mdogo kama chungu, aanzie katika ofisi za Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) kabla ya kumgusa.