Mafuta ya Karafuu si ya Fizi za Mtoto

Swali ni lile lile: mtoto anaota meno, halali usiku, je, apakwe matone mangapi ya mafuta ya karafuu? Asipakwe hata moja. Inachosha kulijibu kwa sababu anayeuliza ameshaamua kwamba mafuta yanafaa, kilichobaki ni kipimo. Hoja yake ni kwamba karafuu ni ya asili, tumeila kwenye pilau tangu enzi za mabibi zetu, itamdhuruje mtoto?

Tupige hesabu. Karafuu kavu ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kwa hiyo kichupa cha mililita 10 kimebeba mafuta ya gramu 50 hadi 70 za karafuu. Hakuna sufuria ya nyumbani inayotiwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, mara nyingi zaidi ya asilimia 80, ni kemikali iitwayo yujenoli, na yale yanayotolewa kwenye makonyo huweza kuwa nayo zaidi. Mwaka 1982 kamati ya pamoja ya FAO na WHO iliweka kikomo cha miligramu 2.5 za yujenoli kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 8 asipite basi miligramu 20. Tone moja tu lina karibu 40. Utasema kikomo hicho ni cha matumizi ya kila siku maisha yote, na tone moja halimuui mtu. Kweli. Lakini nani hupaka mara moja? Jino huchukua siku kadhaa, kilio hurudi, na kichupa huachwa pale pale mtoto anapofikia. Jarida moja la kitabibu la Uingereza lilieleza mwaka 1993 habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai: alipoteza fahamu, akapata degedege, damu ikashindwa kuganda vizuri, ini likaumia.

Wengine husema mbona madaktari wa meno wanaitumia. Wanaitumia, wakiichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, kwa mkono uliofunzwa. Tena utafiti wa Kuwait wa mwaka 2006 ulionyesha jeli ya karafuu ikipunguza maumivu ya sindano kinywani sawa na dawa ya ganzi ya benzokeini, kwa watu wazima. Sibishani kwamba inatia ganzi. Nabisha kwamba kitu chenye nguvu ya dawa kinaweza kupimwa kwa macho na kupakwa kwenye ufizi laini, ambao huunguzwa na mafuta haya yakiwa hayajachanganywa.

Mtoto apewe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi atafune, asuguliwe fizi kwa kidole kilichooshwa, na maumivu yakizidi apewe parasetamoli kwa uzito wake. Homa kali si ya meno, apelekwe kituo cha afya. Mtu mzima achanganye tone moja na kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, aguse jino kwa pamba, ateme, kisha amwone daktari wa meno, maana jino limetulia tu, halijapona. Mjamzito na anayetumia warfarini wayaache mafuta ya karafuu. Mtoto akiyameza, usimtapishe. Mkimbize hospitali hata akionekana mzima, na ubebe kichupa chenyewe: ipo dawa ya kukinga ini, ile wanayopewa waliozidisha parasetamoli, na daktari atataka kujua kimepungua kiasi gani.