“Bei njoo inboksi” itakuacha na njaa

Nilipoacha chuo nilibaki na simu ya kioo kilichopasuka na deni la kodi ya miezi miwili. Nikachukua pea sita za viatu vya mitumba Gikomba, nikavianika Twitter, siku hizi X: “Viatu vikali sana! Bei njoo inboksi.” Wiki nzima, laiki kumi na mbili, mteja sufuri.

Dada wa ploti yetu akanichana: “Nikiona ‘njoo inboksi’ napita. Najua unataka kupima mfuko wangu kwanza.”

Nikafuta, nikaandika upya: “Converse nyeusi, saizi 41, soli imelika kidogo kisiginoni. 1,200. Tupatane tao, kando ya Archives.” Picha mbili: kiatu kizima, halafu hiyo soli. Kufikia Jumamosi pea nne zilikuwa zimeenda.

Mtandao huo ulianza 2006 kwa herufi 140 tu. 2017 zikawa 280. Zinatosha kabisa mambo manne: bidhaa, hali yake, bei na mahali. “Vikali” haimwambii mtu kama mguu wake utaingia.

Pia, jibu hadharani. Mmoja akiuliza “39 iko?”, wengine wanasoma kimya. Akilalamika, usimbloki. Kuna jamaa nilimrudishia pesa, nikamjibu palepale mbele ya wote. Wawili waliokuwa wakitazama wakanunua.

Kodi nililipa. Kioo cha simu bado, lakini picha zinatoka poa.

Wewe unauza nini? Basi andika bei.