Fahamu: Jinsi sauti inavyopima joto la Bahari ya Hindi

Njia hii hupima muda ambao sauti inatumia kusafiri chini ya maji. Huko huenda takribani mita 1,500 kwa sekunde. Maji yakipata joto, sauti huongeza mwendo.

Sauti inatoka wapi?

Mwaka 1991 wanasayansi walipiga milio karibu na Kisiwa cha Heard, kusini kabisa mwa bahari hii, ikasikika hadi pwani za Marekani. Kukawa na hofu kwamba milio hiyo ingedhuru nyangumi.

Mwaka 2020 mwanasayansi Wenbo Wu na wenzake walionyesha njia tulivu zaidi: matetemeko ya ardhi. Walilinganisha sauti za matetemeko yanayojirudia palepale karibu na Kisiwa cha Nias, Sumatra, zilizonaswa kisiwani Diego Garcia, umbali wa kilomita zipatazo 3,000. Safari huchukua nusu saa hivi. Sauti ya tetemeko la baadaye ikiwahi kwa sehemu ndogo tu ya sekunde kuliko ya awali, huonyesha kuwa bahari imepata joto.

Utete, wilayani Rufiji, inahusikaje?

Mstari huo wa Nias hadi Diego Garcia uko mbali na delta ya Rufiji. Lakini bahari ni ileile: upande wa magharibi ukipata joto zaidi kuliko wa mashariki, mvua za vuli huzidi Afrika Mashariki. Mvuvi wa kamba huko Nyamisati, deltani, akitumbukiza mkono hugusa joto la juu tu. Sauti hupita vilindini.